Mama Tjaden na Msimu Usiokwisha

Mwaka ule Korongo, timu ya Chuo cha Orrin, walipochukua ubingwa, mjini kwetu palikuwa na mtu mmoja aliyeomba kimoyomoyo washindwe, naye ndiye aliyewafunga miguu kila siku ili waweze kukimbia. Aliitwa Verna Tjaden. Sisi wachezaji tulimwita Mama Tjaden, hata wale wasiopenda kumwita mtu mama.

Nilikuwa mmoja wa hao wachezaji. Jina langu Gaylen Ruhnke, na kazi yangu ilikuwa kuinama katikati ya mstari, kuurudisha mpira nyuma kati ya miguu yangu, kisha kugongwa na mtu mzito kuliko mimi. Katika mpira wetu wa Kimarekani hakuna anayekumbuka jina la mtu wa katikati. Mama Tjaden alilikumbuka, kwa sababu vifundo vyangu vya miguu vilikuwa vibovu kuliko vya wote.

Alikuwa na miaka hamsini na minane. Zamani alikuwa muuguzi katika zahanati ya chuo, akipima homa na kugawa dawa za kikohozi. Mwaka wa sitini na nne bwana aliyekuwa akiwatibu wachezaji alipata kazi kwingine, mkuu wa chuo akamwomba Verna ashike nafasi kwa wiki mbili, hadi apatikane mtu. Hakupatikana. Mwaka ninaousimulia mimi ni wa themanini na tatu.

Chumba chake kilikuwa chini ya ukumbi wa mazoezi, pembeni ya mtambo wa kupashia jengo joto. Kulikuwa na meza mbili za mbao, pipa la barafu, na harufu ya dawa ya kuchulia iliyokuwa ikikufuata hadi kanisani Jumapili. Tulikuwa wachezaji hamsini na wanne. Kila mmoja alipanda mezani, akanyoosha miguu, na Mama Tjaden akamzungushia plasta: chini ya kisigino, juu, kuzunguka, chini tena, kisha akaikata kwa vidole kwa sauti kama ya kitambaa kinachochanwa. Kifundo kimoja hakikumchukua hata dakika mbili. Mwezi wa Agosti, tulipofanya mazoezi asubuhi na alasiri, aliifanya kazi hiyo mara mbili kwa siku. Ngozi ya vidole vyake gumba ilikuwa imepasuka, na alikuwa akiipaka mafuta yale yale ambayo wakulima wa kwetu huwapaka ng'ombe kwenye chuchu.

Lakini vidole havikuwa shida yake. Shida ilikuwa nyonga ya kulia. Mfupa ulikuwa umelika, na alipotembea alikuwa akiinama upande kama mtu aliyebeba ndoo ya maji. Hakuketi. Alisema akiketi, kuinuka ndiyo kazi.

Nyumbani alikuwa na mumewe, Hollis, aliyekuwa msimamizi wa ghala la nafaka kabla kiharusi hakijamlaza upande mmoja. Asubuhi Verna alimwosha, akamvika, akamlisha uji wa shayiri na kumweka dirishani, ndipo jirani akaja kukaa naye na yeye akaja kwetu. Jioni alirudi akaanza upya. Agosti ile alimwambia Kocha Stroud: "Huu ndio msimu wangu wa mwisho. Daktari wa kule mjini Des Moines amenipa siku ya kupasuliwa, tarehe kumi na sita Novemba. Mchezo wa mwisho ni tarehe kumi na mbili. Nimepiga hesabu vizuri."

Kocha akacheka, akasema, "Verna, kwa timu niliyo nayo, hata Oktoba utakuwa umekwisha pumzika."

Hakuna aliyemlaumu kwa kusema hivyo. Mwaka uliotangulia tulishinda mechi nne kati ya tisa. Chuo chetu kilikuwa na wanafunzi mia nane, wengi watoto wa wakulima na wa wachungaji, na vyuo vikubwa havikujua kama tupo. Ila mwaka ule tulikuwa na Rollie Bausch. Alikuwa mtoto wa mfuga nguruwe, mfupi, mapaja kama magogo, mtu wa kutumia mkono wa kushoto, mcheshi hata akiwa chini ya watu watano. Ukimpa mpira alipenya mahali ambapo hata mimi niliyefungua njia sikuona njia. Mechi ya kwanza tukashinda, ya pili tukashinda. Oktoba ilipofika, mashine za kuvunia mahindi zikiwa zimejaza mji mzima vumbi, wakulima waliziacha mashambani Jumamosi saa saba mchana, wakaja uwanjani na mavumbi yao. Jambo hilo halikuwahi kuonekana Orrin.

Tarehe kumi na mbili Novemba tulikuwa tumeshinda nane, ya tisa tukiongoza kwa pointi moja. Sekunde za mwisho wapinzani wakapiga mpira wa goli, ule ambao ukipita kati ya nguzo mbili ni pointi tatu. Nilikuwa nimepiga magoti kando ya uwanja, nauangalia ule mpira ukipanda. Ukagonga nguzo, tiing, ukaanguka upande wetu. Watu wakamwagika uwanjani. Mchungaji Ivers alipoteza kofia na kiatu kimoja. Nilipogeuka nikamwona Mama Tjaden kando ya pipa lake la maji, uso wake ukiwa kama wa mwenye nyumba anayesindikiza wageni, mara wageni wakamwambia wanalala.

Kwa ushindi ule tuliingia katika mashindano ya vyuo vidogo vya nchi nzima: timu nane, robo fainali, nusu fainali, fainali. Tarehe kumi na tisa ilikuwa robo. Mama Tjaden akapiga simu Des Moines, akaomba siku nyingine. Wakampa tarehe thelathini.

Wiki ile kifundo changu cha kushoto kilikuwa kimevimba kama mkate, kwa hiyo wenzangu wakifanya mazoezi mimi nilikuwa chini, mguu ndani ya ndoo ya barafu. Tulikuwa wawili tu. Alikuwa akipanga maboksi ya plasta, akasimama, akaegemea meza kwa viganja vyote viwili, akafumba macho.

Nikamuuliza, "Inauma, Mama?"

"Haijaacha kuuma tangu Pasaka." Akafumbua macho, akanitazama. "Gaylen, nikwambie kitu, utanicheka?"

"Sikucheki."

"Jumamosi ule mpira ulipokuwa hewani, mimi nilikuwa nausukuma. Kwa macho. Nilikuwa nasema, pita, pita, Bwana nisamehe, upite katikati hapo, watoto waende nyumbani, na mimi niende nikalale kwenye kitanda cha hospitali, watu wengine waniletee chakula."

Nikacheka. Na yeye akacheka, kisha akajifuta macho kwa mgongo wa mkono.

"Tatizo nawapenda," akasema. "Kama ningekuwa siwapendi ningeomba bila aibu."

Hilo neno lilikuwa langu na lake. Jioni hiyo hiyo, mezani, tukila tambi za kuokwa na nyama ya kusaga, nililitoa nje. Sikuwa na nia mbaya. Nilitaka kuchekesha watu. Nikasema, "Mnajua Mama Tjaden anatuombea tushindwe?" Nikaigiza sauti yake, nikaigiza alivyokuwa akiusukuma mpira kwa macho. Meza nzima ikaangua kicheko, na Rollie alicheka kuliko wote hadi maziwa yakamtoka puani. Nililala vizuri siku ile. Mtu huwa hajui amefanya nini mpaka limrudie.

Robo fainali tulishinda. Nusu fainali ikapangwa tarehe tatu Desemba, kwetu. Akapiga simu tena Des Moines. Safari hii katibu wa daktari akamjibu kwamba kabla ya mwisho wa Januari hakuna nafasi, na kwamba wagonjwa wengine wanaziheshimu tarehe zao. Alitusimulia hayo kama kichekesho, lakini plasta yake siku ile ilikuwa imekaza kuliko kawaida.

Na sisi wenyewe tulikuwa tumechoka. Haya watu hawayasimulii. Mjini walikuwa wamefunga vitambaa vya bluu kwenye nguzo za taa, mwoka mikate ameandika alama zetu juu ya keki, na sisi tulikuwa tukipanda ngazi za bweni kwa mikono. Mrushaji wetu wa mpira alikuwa na mbavu mbili zilizopasuka. Mitihani ilikuwa imekaribia. Ardhi ilikuwa imeganda, ukianguka ni kama umeangukia lami. Kila ushindi ulileta wiki nyingine, na hakuna aliyethubutu kusema kwamba wiki nyingine ilikuwa mzigo. Mmoja tu ndiye aliyesema, na nikamfanyia mzaha.

Nusu fainali tulicheza theluji ikianguka. Robo ya nne ya mchezo, ndiyo ya mwisho, Rollie aliinamisha kichwa, akaingia katikati ya watu wawili, nikasikia mlio kama gogo linapotupwa juu ya gogo. Alipoinuka, mkono wake wa kushoto ulikuwa unaning'inia. Akautikisatikisa, akauinua kwa mkono wa kulia akaurudisha mahali pake kama mtu anayepanga nguo, akarudi kwenye mstari.

"Uko salama?" nikamuuliza.

"Wewe inama, bwana. Kazi yako kuinama."

Tulishinda. Fainali ilikuwa wiki iliyofuata, Jumamosi tarehe kumi, huko kusini katika jimbo la Tennessee, dhidi ya Chuo cha Pell Ridge, mabingwa wa mwaka uliopita.

Jumatano alasiri, kesho yake tukiwa wa kusafiri, nilikuwa kwenye ndoo yangu ya barafu kama desturi. Rollie akaingia na kikombe cha kakao, akaruka mezani. Mama Tjaden akamtazama kidogo, plasta mkononi, bila kuanza.

"Tangu lini unanywa kwa mkono wa kulia?"

"Ah, Mama. Nabadilisha ladha."

"Weka kikombe chini. Nishike vidole hivi viwili, kila mkono. Vibane."

Rollie akambana. Mama Tjaden akatazama ukutani, kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali.

"Bana."

"Si nabana!"

"Wa kulia unanivunja. Wa kushoto hata mtoto mchanga anakushinda. Ganzi inaanzia wapi?"

"Hakuna ganzi. Nimeulalia tu mkono."

"Tangu Jumamosi umeulalia?"

Rollie akatazama vidole vyake. Kisha akasema polepole kwamba inaanzia shingoni, inashuka begani, na vidole viwili vya mwisho havijarudi. Akasema itapita. Zile nyingine zilipita.

"Zile nyingine? Ziko ngapi?"

Ikaonekana zilikuwa nne tangu Septemba. Mama Tjaden akaiweka plasta mezani. Akachechemea hadi kwenye simu ya ukutani, akampigia Daktari Pruitt, aliyekuwa akitibu mji mzima na timu pia. Nilisikia upande wake tu, lakini baadaye alinisimulia daktari alivyojibu: "Mimi Jumatatu nilimtazama dakika tano akiwa na koti lake. Wewe umemshika. Picha ya shingo siwezi kumpatia kabla ya wiki ijayo. Utakalosema, Verna, nitaliwekea sahihi."

Alipokata simu, akaenda kwenye kabati la Rollie, akaichukua helmeti yake, akaifungia ndani ya sanduku la chuma la madawa, ufunguo akautia mfukoni.

"Hutacheza," akasema.

Rollie alidhani ni utani. Alipoona si utani akatoka mbio, na baada ya dakika tano akarudi na Kocha Stroud. Kocha hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na miaka ishirini ya kushindwa mgongoni, na mlango ulikuwa umefunguka mbele yake mara moja tu.

"Verna," alisema kwa upole, "kila mtu anajua umechoka."

"Nimechoka, ndiyo."

"Hollis, nyonga, haya yote. Mtu akichoka anaona mabaya."

"Yawezekana."

"Basi tumwachie daktari."

"Daktari ameniachia mimi. Mpigie."

Ndipo Rollie akapasuka. Uso ulikuwa mwekundu, machozi yanamlengalenga. "Wewe hujataka tushinde tangu mwanzo! Gaylen ametuambia wote! Ulikuwa unaomba ule mpira upite! Mwulize, si huyo hapo na ndoo yake!"

Mama Tjaden akageuka akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama unavyotazama kiti ulichotaka kukikalia ukakikuta kimevunjika mguu. Mimi nikatazama barafu.

"Ni kweli nilisema," akamwambia Rollie. "Hilo halibadilishi mkono wako."

Kocha akapiga simu. Akasikiliza muda mrefu. Alipoirudisha simu ukutani alitoka bila kumwangalia mtu.

Habari zikauzunguka mji kabla jua halijazama. Alipokwenda dukani kununua mkate na maziwa ya Hollis, wanawake wa kwaya waliokuwa wakizungumza wakanyamaza, na mmoja akamwuliza, "Na nyonga yako je, Verna?" kwa namna ambayo swali halikuwa la nyonga.

Alhamisi basi liliondoka saa moja asubuhi, theluji imerundikwa kandokando ya barabara. Mama Tjaden aliketi kiti cha mbele, mguu ameunyoosha. Hakuna aliyeketi karibu naye. Tulipita nusu nzima ya jimbo la Missouri kabla sijapata moyo wa kwenda kukaa pale.

Nikasema, "Mama, nimekukosea."

"Umenikosea, ndiyo. Lakini hukunisingizia. Ungenisingizia tungekuwa na maneno mengine."

"Wanasema unataka tushindwe ili uende zako."

"Hata kuhesabu hawajui. Mchezo huu ni wa mwisho, tushinde tusishinde. Nami kitanda changu ni cha Januari." Akatazama nje, mashamba tupu yakipita. "Lakini Stroud hakukosea kila kitu. Nimejiuliza sana, Gaylen. Uchovu hauna hesabu. Mtu aliyechoka ama anaona hatari kila mahali, ama haioni hata ikimkanyaga. Mimi sijui ni yupi kati ya hao. Ndiyo maana leo asubuhi nimempima tena, kabla ya kupanda basi. Nilimwomba dada yangu aje kumwangalia Hollis tangu jana usiku mpaka turudi, nikapata usingizi wa muda wa saa nane. Nikanywa kahawa. Ndipo nikampa vidole vyangu."

"Ikawaje?"

"Vile vile."

Akafumba macho. Nikafikiri amelala, kumbe bado. "Angekuwa mwanangu, ningeona hivi hivi?" akasema. "Hilo nalo nimejiuliza. Sikuzaa. Kwa hiyo sijui."

Ijumaa kwenye moteli alimpima mara ya tatu, mchana kweupe, mbele ya Kocha. Kocha mwenyewe akampa Rollie vidole vyake vibanwe. Na alipotusomea orodha ya wachezaji, mahali pa Rollie alisoma jina la Denny Okerlund.

Denny alikuwa mwanafunzi wa muziki. Alipiga tarumbeta kanisani, na msimu mzima alikuwa amebeba mpira mara kumi na moja. Alipolisikia jina lake akaenda kutapika.

Jumamosi mvua ilinyesha Tennessee tangu asubuhi, mvua baridi isiyo na haraka. Uwanja ulikuwa tope. Watu wa Pell Ridge walikuwa wakubwa, wakali kwa maneno, na yule aliyesimama mbele yangu alikuwa na ndevu kama baba yangu. "Yuko wapi yule kinguruwe wenu?" akaniuliza. "Mmemwacha zizini?" Nikainama, nikashika mpira.

Sitaipamba mechi ile. Ilikuwa mbaya. Denny aliangusha mpira mara mbili kipindi cha kwanza, na mara ya pili wakauokota wakavuka nao mstari wetu wa mwisho, saba kwa sifuri. Sisi hatukuuvuka mstari wao hata mara moja. Tulisogea, tukakwama, tukapiga goli la pointi tatu. Tukasogea tena, tukakwama, tukapiga. Mwanzoni mwa robo ya nne mpigaji wetu, kijana mwembamba aliyekuwa hajaguswa na tope hata kidogo, akapiga la tatu. Tisa kwa saba.

Zikabaki dakika saba na sekunde kidogo, mpira ukiwa mikononi mwetu. Kocha hakuwa na ujanja wowote uliosalia ila kuushikilia mpira mpaka saa iishe. Mrushaji alikuja kwenye duara letu, ameshika mbavu, akasema, "Denny katikati, nyuma ya Gaylen." Tukafanya hivyo. Yadi tatu. "Denny katikati, nyuma ya Gaylen." Yadi nne. Tulikuwa hatuukimbilii ubingwa, tulikuwa tunaukalia tu. Niliinama, nikarudisha mpira, nikausukuma uzito wa yule mwenye ndevu, nikaanguka, nikainuka. Sikusikia tena mguu wangu wa kushoto. Denny alikuwa akilia wazi, mikono yote miwili imeukumbatia mpira kama mtu aliyeokoa kitu kwenye moto. Mara kumi na tatu tulifanya jambo lile lile. Mara ya kumi na nne saa ikafika sifuri, na yule mwenye ndevu akabaki amelala juu yangu, akaniambia sikioni, "Kaka, niinue. Siwezi."

Nilimwinua. Ndivyo tulivyokuwa mabingwa.

Waliokuwa na nguvu walirukaruka. Mimi nilichechemea hadi kando. Rollie alikuwa amesimama na koti la chuo, amelowa, mikono mifukoni. Alikuwa ameshangilia kila yadi ya Denny hadi sauti ikamkauka. Sasa alikuwa akiwatazama wenzake wamembeba Denny mabegani, na uso wake sikuweza kuutazama kwa muda mrefu. Mama Tjaden alikuwa hatua mbili kutoka kwake. Alinyoosha mkono kumgusa bega, Rollie akasogea mkono usimfikie.

Mama Tjaden akarudi chumbani mwa kubadilishia nguo, akashika mkasi, akaanza kukata plasta zenye tope, mguu mmoja baada ya mwingine. Zamu yangu ilipofika niliona midomo yake imekuwa ya bluu kwa baridi. Nikamwambia, "Keti basi, Mama. Tumekwisha shinda." Akasema, "Wamebaki thelathini."

Rollie alipigwa picha ya shingo Desemba kumi na tano. Mtaalamu wa Des Moines alisema njia ya neva ni nyembamba kiasi, na kwamba pengine angecheza bila kudhurika, pengine kipigo kimoja kingemweka kwenye kiti cha magurudumu maisha yake yote. Hakuweza kusema zaidi. Ilipofika Pasaka ganzi ilikuwa imeondoka. Kwa hiyo Mama Tjaden hakupata kujua kama alikuwa sahihi. Watu waliotaka kumlaumu walikuwa na pa kushika, na waliotaka kumtetea vilevile. Rollie alikuwa mwaka wa mwisho. Hakucheza tena mpira, akarudi kwa baba yake kufuga nguruwe, na kwa miaka mingi akimwona Mama Tjaden barabarani alikuwa akimwinulia kofia na kupita.

Nyonga ilipasuliwa mwisho wa Januari. Alitembea tena bila kuinama upande, ingawa fimbo hakuiacha. Chuo kilitupa pete za ubingwa, na yeye akapewa moja. Haikupita kwenye vifundo vya vidole vyake, akaiweka kwenye sahani ya vifungo vya nguo. Hakurudi kazini. Hollis alifariki miaka miwili baadaye, naye akabaki peke yake katika nyumba ile ndogo ya kijani karibu na reli, akipanda bizari na kulala mchana, jambo alilosema lilimchukua mwaka mzima kulizoea.

Mwaka wa elfu mbili na nane tuliitwa chuoni, miaka ishirini na mitano ya ubingwa wetu. Ilikuwa Oktoba. Walitupa chakula cha mchana: nyama ya paja la nguruwe, viazi, maharage, pai ya tufaha. Mama Tjaden alikuwa na miaka themanini na mitatu, mdogo kama mtoto, ameketi kwenye meza yangu. Rollie akaja na sahani yake, nywele zimemwisha, akavuta kiti akakaa mbele yake. Ninaweza kuapa hakuwa amepanga.

Akala kidogo. Kisha akasema, "Ningecheza vizuri siku ile."

"Najua," akasema Mama Tjaden.

"Kwenye tope vile? Wasingenishika."

"Wasingekushika."

Rollie akakata nyama, akaikata tena vipande vidogo, hakuila. "Nina binti," akasema. "Anacheza mpira wa kikapu. Mwaka jana aliumia goti, akaniomba nimwambie kocha wake kwamba limepona." Akaweka kisu chini. "Nilichukua wiki mbili kumkatalia. Wewe ulichukua dakika kumi."

"Sikuchukua dakika kumi. Nimechukua mpaka leo."

Rollie akamtazama. "Ingekuwa leo, ungeniachia?"

"Hapana, Rollie."

Akatikisa kichwa, siyo kwa hasira. Alikuwa kama mtu anayeweka chini mfuko wa mbegu aliobeba kutoka mwisho wa shamba. Wakala pai. Walizungumza habari za bei ya mahindi, za Mchungaji Ivers aliyekuwa amefariki, za mvua zilizochelewesha mavuno. Hotuba zilipoanza Mama Tjaden alisema amechoka, angependa kwenda nyumbani. Nilikuwa nainuka, Rollie akaniwahi. Akamshika mkono, akamtoa nje taratibu hadi kwenye gari lake la shambani, akampandisha, akamfunga mkanda.

Rollie aliniambia baadaye kwamba Mama Tjaden alilala kabla hawajafika hata kona ya kwanza. Akaendesha polepole. Walipofika karibu na reli hakutaka kumwamsha, akazima injini, akakaa naye ndani ya gari mbele ya nyumba, mchana ule, mpaka alipoamka mwenyewe.